Hewa ya Wodi ya Mifupa

Jumatatu, 1 Aprili

Mwenzangu ameniamuru niandike. Anasema mimi nikiulizwa habari za siku nzima hujibu "salama," na yeye hawezi kulala chali wiki kadhaa huku akilishwa "salama." Kwa hiyo kila jioni niandike yaliyotokea nyumbani na karakanani, kesho yake nimsomee kitandani.

Haya. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimemaliza kuvisha kochi la wakili kitambaa cha kijani. Jirani ameuliza hali ya mgonjwa. Nimemwambia salama.

Jumanne, 2 Aprili

Nilipomsomea ya jana alicheka mpaka mguu ukamuuma. Kasema hata risiti ina maneno mengi kuliko haya. Niandike kama ninayemsimulia mtu asiyetujua.

Basi. Mimi ni fundi makochi. Mke wangu ni karani wa shule ya msingi. Wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi za ofisi yake, zilizolowa mvua, akavunjika mfupa wa paja. Sasa amelazwa wodi ya mifupa, katika jengo jipya la hospitali. Mguu wameuning'iniza kwa kamba na chuma, na mwisho wa kamba kuna uzito unaouvuta ili mfupa uunge ukiwa umenyooka. Hawezi kugeuka wala kukaa. Ulimi ndio haukuvunjika, na sasa unafanya kazi ya viungo vyote. Wodi nzima imeshajua jinsi ninavyokoroma.

Tuna binti mmoja. Anafanya kazi mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hupiga simu jioni.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimegombana na sista mkuu wa wodi. Wagonjwa wamempachika jina la Bi Upepo, kwa sababu akiingia zamu kazi ya kwanza ni kufungua madirisha yote, pande zote mbili, mvua inyeshe isinyeshe. Nimemkuta mke wangu amejifunika mpaka puani, pua yenyewe ya baridi kama chuma. Nikamfuata Bi Upepo kwenye meza yake, nikamwambia kwamba mimi nimemleta mtu aliyevunjika mguu, sikumleta agandishwe.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alijibu taratibu kwamba watu wengi wakilala chumba kimoja wanavuta pumzi za wenzao, na hewa isiyotoka nje huwa kama maji ya kuogea yanayopokezanwa. Nikamwambia maji hayo angalau yangekuwa ya moto.

Mke wangu alisikia yote. Kaniambia nimemtia aibu, kisha akaomba nirudie hiyo ya maji ya moto.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekuta kitanda kimehamishwa. Bi Upepo mwenyewe, pamoja na manesi wawili, wamemsogeza mke wangu kutoka dirishani hadi kona ya ndani, chini ya tundu la hewa la darini, ambako upepo wa nje haumfikii. Nilimpitia mezani kumshukuru, kwa shingo upande. Akasema mgonjwa akitetemeka mguu nao hutetemeka, na mfupa hauungi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mteja wa viti sita hajaja. Salama. (Atanisuta kwa hilo neno. Lakini nitaliacha.)

Jumapili, 14 Aprili

Sielewi wanawake. Mke wangu na Bi Upepo wamekuwa chanda na pete. Nimekuta sista yuko kando ya kitanda, kiatu kimoja kavua, anasikiliza habari za mwalimu mkuu anayejificha chooni wazazi wakija kudai matokeo. Nilipotokea alivaa kiatu akaondoka, uso umerudi kuwa ubao.

Mke wangu anasema yule mama aliwahi kufanya kazi katika wodi za kifua kikuu na amezika wenzake wawili, wote manesi. Ndiyo maana ya madirisha. Nikasema kila mtu na majeraha yake, lakini asitutibu sisi kwa ajili ya majeraha hayo. Mke wangu akanitazama kama anavyonitazama nikipima kitambaa vibaya.

Ameniagiza mafuta ya nywele na sabuni. Na nipunguze ubishi.

Alhamisi, 18 Aprili

Usiku wa jana mvua ya upepo imeingia wodini kwa madirisha yale yale. Nimekuta sakafu imefurika, magodoro mawili yamelowa, bibi mmoja mwenye nyonga mpya analia. Ndugu wa wagonjwa tumejaa kwenye korido tukilalamika, na mimi sauti yangu haikuwa ya chini. Mkurugenzi wa hospitali kaja mwenyewe, suruali kaikunja. Kaamuru madirisha yafungwe mpaka mvua ziishe, na mashine ya hewa ya jengo jipya, ambayo Bi Upepo alikuwa haiamini, iendeshwe mchana na usiku. Watu walipiga makofi.

Bi Upepo aliuliza swali moja tu mbele yetu: mashine hiyo inaitoa wapi hewa yake. Mkurugenzi akamjibu kwamba mafundi wanajua. Mkurugenzi mwenyewe akafunga dirisha la mwisho kwa mkono wake.

Ijumaa, 19 Aprili

Wodi ina joto zuri kama chumba cha kulala. Tundu la darini linavuma polepole juu ya kitanda chetu. Mwenzangu kajifunua mabega kwa mara ya kwanza. Nilimpaka mafuta kichwani nikamsuka mistari miwili mibovu, wodi nzima ikitoa maoni. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha, naandika ili ijulikane.

Jumatano, 24 Aprili

Mfupa umeanza kuunga. Daktari wa mifupa kaonyesha picha. Mwenzangu kasema katika maisha yake yote hajawahi kutoka vizuri pichani ila hii.

Jumapili, 28 Aprili

Chafya na koo linawasha. Nitakuwa nimelowa juzi.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikwenda wodini, nisimpelekee mafua. Nimezungumza naye kwa simu. Anasema wodi ya kifua, iliyo upande wa pili wa korido, imejaa. Kuna homa mbaya ya mapafu mjini na kila siku wanaletwa wengine. Milango yao imefungwa na manesi wao wamevaa kama wanaokwenda mwezini. Nikamwuliza kama anaogopa. Kasema wale wako kule, na kati yetu kuna kuta mbili na korido.

Alhamisi, 2 Mei

Nimepona, nimekwenda. Anakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu anayetaka kuanza kuhutubia. Nikamwambia hivyo, akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi kingine ambacho hakikutaka kwisha.

Mama wa kitanda cha pili kutoka chake anakohoa pia.

Ijumaa, 3 Mei

Homa. Haya sitamsomea.

Jumapili, 5 Mei

Niandike yote, hata kama hakuna wa kumsomea.

Jana wamewapima wote wa wodi ya mifupa. Watano wana homa ile ya mapafu. Wamehamishwa, mke wangu mmoja wao, mguu bado unaning'inia, wakamsukuma na kamba na uzito na vyote. Nilikuwa koridoni. Alikuwa na barakoa ya oksijeni, na kwa kuwa hawezi kuzungumza nayo alinitolea macho kama aliyefungwa mdomo kwa makosa. Nikamwambia nitakuja kesho. Nesi aliyesukuma akasema hapana, baba, hakuna anayeingia kule.

Kisha daktari mmoja alitukusanya sisi ndugu akatuhoji. Nani aliyekuja na mafua wiki mbili hizi. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa peke yangu. Nikaeleza kwamba sikuja nikiwa naumwa, nilikaa nyumbani mpaka nilipopona. Akauliza, na siku moja kabla ya chafya ya kwanza? Nilikuja, nikasema. Nilimlisha kwa mkono wangu. Akaandika. Mtoto wa yule mama wa kitanda cha pili, mwanamume mzima, akanigeukia na kunitazama. Ningependa angenitukana.

Walinichukua kipimo puani nikaenda zangu. Jioni binti yetu kapiga simu. Nilimweleza. Akauliza: "Baba, ulivaa barakoa siku ile?"

Sikuivaa. Wakati ule hakuna aliyevaa.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kutengea wagonjwa. Mlango una kioo kidogo kilichopakwa rangi nyeupe, huoni kitu.

Jumatano, 8 Mei

Binti amefika. Kakaa nami kwenye benchi, kichwa begani kwangu. Bado hatujagusia swali lile.

Manesi wa kawaida wanaogopa kuingia chumba hiki, na siwalaumu, nao wana watoto. Nimesikia kwamba Bi Upepo ameomba mwenyewe aingie zamu humo. Leo alitoka saa ya kubadilishana, alama za barakoa zimemkata mashavuni kama kovu. Nikasimama. Akatuambia kwamba mgonjwa ametulia, mapafu yake yalishachoka kwa kulala chali muda mrefu na hivyo yanapata taabu kupigana, lakini anajitahidi. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya maji ya moto. Nikasema asante, sista. Akasema kalale nyumbani, baba, utanisaidia zaidi. Sikwenda.

Ijumaa, 10 Mei

Mama wa kitanda cha pili amefariki. Mwanawe alipita mbele ya benchi letu.

Jumapili, 12 Mei

Wamemwekea mashine ya kupumulia. Binti kauliza kama anasikia. Wakasema huenda. Basi nimemwandikia ukurasa, habari za nyumbani, ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika: jirani, kochi la wakili, uzio ulioanguka, paka wa duka la mkabala aliyezaa ndani ya gunia langu la pamba. Nesi kauchukua, akaahidi kumsomea. Haya ndiyo alikuwa akiyataka wakati wote, maneno mengi. Sasa ninayo.

Jumatatu, 13 Mei

Amekufa saa za alfajiri.

Jumatatu, 20 Mei

Tumezika. Watoto wa shule walikuja na sare. Mwalimu mkuu alilia kuliko watu wote.

Alhamisi, 23 Mei

Binti amerudi kazini. Kituoni nilimwambia: kama ni mimi niliyempelekea, niambie unavyoona, usinifichie. Akasema baba, hakuna anayejua. Kisha akanikumbatia kwa nguvu sana, kama mtu anayesamehe. Ningeona afadhali angekataa. Mtu hasamehewi jambo ambalo hakulifanya.

Nimelala upande wake wa kitanda, ili upande ulio mtupu uwe wangu.

Jumatatu, 27 Mei

Nimeitwa hospitali. Daktari wa mapafu, mwanamke mdogo wa umbo, sauti imekauka. Nilijua ni habari ya kipimo changu. Niliketi kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Akasema yale yangu yalikuwa mafua ya kawaida. Kidudu kingine kabisa. Hakihusiani na kilichomuua mke wangu.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kisha akanieleza, na naandika nilivyomwelewa. Mtu mwenye homa ile akipumua, akiongea, akikohoa, hutoa chembe ndogo sana zisizoonekana, na chembe hizo hazianguki chini kama mate, zinaelea. Zinakwenda hewa inakokwenda. "Kama kitunguu kinachokaangwa jikoni kwa jirani," akasema. "Hakuna aliyekuletea mkononi, lakini umekinusa ukiwa sebuleni kwako."

Mashine ya hewa ya jengo jipya inavuta hewa kutoka wodi zote za ghorofa ile, inaichanganya, inairudisha wodi zote. Ilipaswa pia kuingiza hewa safi kutoka nje, lakini mlango wa hewa ya nje mafundi waliufunga mwanzoni mwa mvua, kwa sababu maji yalikuwa yakiingia. Chujio lililowekwa ni la vumbi, si la chembe hizo. Kwa hiyo pumzi za wodi ya kifua zilipanda kwenye matundu yao, zikapita juu ya korido na juu ya zile kuta mbili, zikashuka kwetu. Wiki iliyopita daktari alichoma kijiti cha moshi chini ya tundu la wodi ya kifua, akamweka mtu wodi ya mifupa atazame. Moshi ulitokea darini, pale kona ya ndani. Wagonjwa wote watano vitanda vyao vilikuwa upande ule. Wale wa upande mwingine hakuna aliyepata hata homa, ingawa walitembelewa na ndugu kama sisi.

Nikauliza, na madirisha yangekuwa wazi? Akainamisha macho kwenye meza. Akasema hawezi kuniapia kwamba hakuna ambaye angeugua. Lakini chembe nyingi zingetoka nje. Walio wagonjwa wangekuwa wachache, pengine asiwe yeye. Mashine sasa imezimwa, madirisha yako wazi, na ameandika ripoti yake kwa wakubwa bila kuficha kitu.

Nilipotoka nilipaswa kujisikia mwepesi. Nilikaa kwenye ukuta wa maegesho nikampigia binti, nikamwambia si mimi. Tulilia wote wawili mpaka salio likaisha. Lakini kurudi nyumbani nikagundua kwamba siku zote zile nilipojilaumu nilikuwa angalau na mtu wa kumchukia, na mtu huyo nilikuwa naye karibu, nalala naye, namnyoa ndevu. Sasa nimchukie nani? Tundu la darini? Mvua? Wale maskini wa wodi ya kifua waliokuwa wakipumua tu?

Na tulipiga makofi. Siku ile koridoni, nilipiga makofi.

Jumamosi, 1 Juni

Hakuna kazi. Sijafungua karakana.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imekatika. Saa nne asubuhi mtu kabisha hodi. Sikumtambua mpaka aliposema. Sijawahi kumwona bila sare. Bi Upepo, kwa gauni la bluu na mkoba mdogo, viatu vimejaa matope. Alikuwa ameuliza njia kwa jirani.

Nilimkaribisha kiti. Hakukaa. Alisema ana neno, na akikaa hataweza kulisema.

Akasema: "Mimi ndiye niliyemhamishia ile kona. Baada ya wewe kulalamika baridi. Nilifikiri namfanyia wema. Madirisha yalipofungwa nilipinga, lakini nilipinga habari ya madirisha tu. Sikukumbuka kutazama ni nani nimemlaza chini ya lile tundu. Mimi, miaka yote hiyo na maneno yangu yote ya hewa. Nimeona usije ukalisikia kwa mtu mwingine."

Nilisimama. Wiki moja kabla, laiti angekuja wiki moja kabla, sijui ningefanya nini. Nilikuwa natafuta wa kumchukia kwa tochi. Lakini alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mtu ambaye nilimwona akiingia kwenye chumba kile wenzake wakikimbia. Na mdomo uliolalamikia baridi ya dirishani ulikuwa wangu.

Nikamwambia, sista, mimi ndiye niliyelalamika. Akatikisa kichwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga makofi. Akasema hukujua, baba. Nikasema na wewe hukujua. Basi akakaa.

Tulikaa muda mrefu. Nilipasha chai. Aliniambia kwamba wamemtaka asome mbele ya wakubwa yale aliyoyaona, na kwamba atayasoma yote pamoja na lile la kona, na wakimfukuza wamfukuze. Nikamwambia nitakuja nikae nyuma yake. Sikujua kwamba nitalisema hilo mpaka nilipolisema.

Kisha nikauliza nililokuwa naogopa kuuliza. Ile siku ya mwisho kabla ya mashine ya kupumulia, alikuwaje.

Akaweka kikombe chini. Akasema siku ile mke wangu alisogeza barakoa pembeni akamwomba amgeuzie uso mlangoni. Ilikuwa kazi ngumu kwa sababu ya mguu, walisaidiana watu wawili. Akamwuliza kwa nini anataka mlangoni. Akasema yule mtu wake akiruhusiwa kuingia, atapitia pale.

Nikasema, "Nilikuwa nje ya mlango huo."

"Najua," akasema. "Nilimwambia. Nilimwambia yupo hapo kwenye benchi, haondoki, wala hali chakula."

Nikamwuliza alisema nini.

Akasema mke wangu alimwagiza aniletee ujumbe, lakini zamu ile ilikuwa mbaya, na alipotoka nje alinikuta nimesinzia begani kwa binti, hakuwa na moyo wa kuniamsha, na kesho yake ikawa mashine, na baada ya hapo akaona haya.

"Alisema, mwambie aende nyumbani akale. Huyo akikaa na njaa hugombana na watu."

Nilicheka. Sauti ilitoka bila idhini yangu, na Bi Upepo naye akacheka, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Kisha hatukucheka tena.

Alipokwisha kuondoka niliingia jikoni. Kulikuwa na mchele na mayai mawili. Nilipika, nikakaa mezani, nikala mpaka sahani ikabaki tupu. Sikuwa na njaa hata kidogo.